Vinia kumi kwa ajili ya jino moja la kijivu?

Swali: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwanamke wa miaka 31. Jino langu moja la mbele, la juu, limegeuka kijivu. Nililigonga nilipoanguka nikiwa shule ya msingi, lakini haliniumi. Meno mengine yana umanjano, ya chini yamebanana, na nikipiga mswaki fizi hutoa damu. Kliniki niliyokwenda imenishauri nibandikwe vinia kumi za juu, yaani vigamba vyembamba vya kauri vya kufunika uso wa mbele wa meno, kazi ya kuonana mara mbili tu. Dada yangu mkubwa hataki hata kusikia, anasema hayo ni mapambo na yataniharibia meno. Je, matibabu haya ya urembo yana faida yoyote kwa afya ya kinywa, au ni kujiumiza kwa hiari? Nianzie wapi? Nanyonyesha mtoto wa miezi minne. Na mdogo wangu anatumia unga wa mkaa na maji ya limau, anasema meno yake yameng'aa. Nimwige?

Jibu: Dada yangu, usibandike vinia hizo sasa. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu jino likishachongwa halirudi, na ningependa usome yanayofuata meno yako yakiwa bado kama yalivyo. Sisemi vinia ni mbaya. Nimezibandika kwa watu waliozihitaji, na nitaendelea kufanya hivyo. Ninachopinga ni kwamba umekwenda na matatizo manne, kila moja na chanzo chake, ukapewa jibu moja linaloyafunika bila kutibu hata moja.

Wewe na dada yako kila mmoja ana sehemu ya ukweli, kwa kuwa matibabu ya urembo wa meno hayafanani. Kukwangua ugaga uliogandamana shingoni mwa meno, kujenga upya pembe ya jino iliyovunjika, kuweka jino pale lililong'olewa: hayo humpendezesha mtu na kumtibu kwa wakati mmoja. Kung'arisha meno kwa peroksaidi hakutibu kitu, na kukifanywa vizuri hakuharibu kitu. Kuchonga meno mazima ili yavishwe krauni nyeupe, ile kofia inayofunika jino lote, ni kutoa afya iliyokuwapo na kuweka sura mahali pake. Mimi huamua kwa maswali mawili. Kuna ugonjwa gani nyuma ya kile kinachokukera kwenye kioo? Na ni kiasi gani cha jino zima kitaondolewa ili kukibadilisha?

Hebu tuanze na jino la kijivu, maana ndilo linalonitia wasiwasi. Meno yote yakiwa na umanjano, mara nyingi hiyo ni rangi tu. Jino moja likiachana na wenzake kwa rangi, hiyo ni dalili, na dalili hutafutiwa sababu kabla ya kufunikwa.

Ndani ya jino kuna kiini, nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, ambayo huingia kupitia kitundu kidogo sana kwenye ncha ya mzizi. Jino likigongwa kwa nguvu, mishipa hiyo inaweza kukatika palepale kwenye ncha. Damu huvuja ndani ya kiini, na mabaki yake hupenya kwenye vijirija vya dentini, lile tabaka la umanjano lililo chini ya enameli, ganda gumu la nje la jino. Ukijivu unaouona unatoka huko ndani, na ndiyo maana mswaki hauwezi kuufikia hata usugue vipi. Mara nyingine, hasa jino likiwa changa na ncha ya mzizi haijafunga, kiini hupata damu tena na kupona. Mara nyingine hufa kimya kimya. Kiini kilichokufa hakiumi, kwa sababu mishipa ya kupeleka maumivu haipo tena. Bakteria wakipata ufa wa kupita, hukaa humo ndani mahali ambapo kinga ya mwili haiwafikii, na sumu zao hutoka kwenye ncha ya mzizi na kuula mfupa taratibu. Hali hiyo inaweza kudumu miaka bila maumivu yoyote, kisha siku moja ukaamka uso umevimba.

Kwa hiyo unaponiambia haliumi, hilo halinitoi wasiwasi. Ninachotaka kujua ni je, linahisi baridi? Daktari atalipima kwa kitu cha baridi na kulilinganisha na meno ya pembeni, ambayo nayo huenda yaliguswa na anguko lile lile. Ataligonga polepole, atabonyeza ufizi juu ya mzizi, kisha atapiga eksirei ndogo ya jino hilo. Kunyonyesha hakuzuii eksirei ya meno, wala huna haja ya kumwaga maziwa baada yake. Ganzi ya kawaida ya sindano ya lidokeini nayo haina tatizo kwa mama anayenyonyesha.

Majibu yanaweza kuwa ya namna tatu. Huenda kiini kiko hai na ni rangi tu iliyobaki. Huenda kiini kimejijaza madini hadi nafasi yake ikakaribia kuziba, jambo linalotokea baada ya ajali, na ambalo kwa kawaida hulipa jino umanjano uliokolea zaidi kuliko ukijivu. Jino la namna hiyo hufuatiliwa tu. Au kiini kimekufa, na kwa maelezo uliyonipa, hili ndilo ninalolitarajia zaidi. Hapo dawa ni kutibu mzizi: daktari anafungua kijitundu upande wa nyuma wa jino, anasafisha njia ya mzizi hadi karibu na ncha, kisha anaijaza na kuifunga.

Na hapa kuna habari njema ambayo hukuambiwa. Jino lililotibiwa mzizi linaweza kung'arishwa kutokea ndani, kupitia kijitundu kile kile. Daktari anaziba kwanza mdomo wa mzizi kwa simenti ili dawa isishuke, anaweka dawa ya kung'arisha kwenye tumbo la jino, analifunga kwa muda, nawe unarudi baada ya siku chache au wiki moja ili ibadilishwe. Mara mbili hadi nne kwa kawaida hutosha. Uso wa mbele wa jino hauguswi kabisa. Kizibo kile cha simenti usikubali kirukwe, na usikubali dawa kali ichochewe kwa joto, kwa sababu dawa ikivuja kwenda shingoni mwa jino inaweza kuanzisha kuliwa kwa mzizi kutoka nje, hasa kwa jino lililowahi kuumia utotoni. Rangi inaweza kurudi kidogo baada ya miaka, na kazi hiyo hurudiwa.

Sasa fikiria jino hilo likiwa limefunikwa kwa vinia bila kupimwa. Kauri nyembamba huruhusu mwanga kupita, hivyo ukijivu ungejitokeza tena. Ili kuuficha, fundi angehitaji kauri nene zaidi, na daktari angelazimika kuchonga zaidi ili kauri hiyo ipate nafasi. Usaha ukianza baadaye, mzizi utalazimika kutibiwa tu, safari hii kwenye jino lililokwisha kupunguzwa. Hayo yote kwa jino ambalo huenda lingekuwa sawa kwa kijitundu kimoja cha nyuma.

Jambo la pili ni damu, na hili nalo haliwezi kusubiri. Fizi zenye afya hazitoi damu zikipigwa mswaki. Kinachozichokoza ni ukoga, ule utando laini wa bakteria unaojishika pale jino linapokutana na ufizi. Usipoondolewa, huchukua madini ya mate na kuwa ugaga, na ugaga hautoki kwa mswaki. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake walichapisha utafiti ambao bado tunaufundisha: watu 12 wenye fizi nzima waliacha kusafisha meno yao kwa makusudi, na wote wakapata uvimbe wa fizi ndani ya siku 10 hadi 21. Waliporudia kusafisha, fizi zikapona baada ya siku chache. Uvimbe wa hatua hiyo unapona wote. Ukiachwa, kwa baadhi ya watu huteremka hadi kwenye mfupa unaoshika meno, na mfupa ukishapotea haujirudishi wenyewe.

Kuna watu wanaoogopa kusafishwa meno kwa kusikia kwamba huyalegeza au huyaachanisha. Ninaielewa hofu hiyo, kwa maana ugaga mwingi ukiondolewa, ulimi hugusa nafasi ambayo haikuwa ikihisiwa na meno hutia ganzi, yaani hushtuka kwa baridi, kwa siku kadhaa. Lakini nafasi ile iliachwa na ufizi uliovimba na mfupa ulioliwa, na ugaga ulikuwa umeijaza tu. Ukiuacha ili meno yaonekane yamekaza, unaendelea kuupoteza mfupa unaoyashika.

Damu hiyo inahusiana moja kwa moja na vinia. Gundi inayoishika vinia inahitaji jino kavu, na ufizi unaovuja damu hauachi pawe pakavu. Pia ufizi uliovimba ukipona husinyaa. Vinia zikipimwa na kubandikwa wakati fizi zimevimba, miezi michache baadaye kingo zake zitakuwa wazi, na ule mstari utauona kila unapocheka. Kosa la upande wa pili ni kuusukuma ukingo ndani sana chini ya ufizi ili usionekane. Juu ya mfupa, mwili unahitaji utepe wa takriban milimita 2 ambapo ufizi umejishika kwenye jino. Krauni au vinia ikiuvamia utepe huo, ufizi hubaki mwekundu na wenye kuvuja damu, na hakuna mswaki utakaoutuliza. Nimeona midomo yenye meno meupe sana na fizi za rangi ya zambarau, na mwenyewe akidhani anapiga mswaki vibaya.

Kwa hiyo anza na kusafishwa kwa kina, kisha nyumbani piga mswaki laini mara mbili kwa siku, mara moja kati ya hizo iwe kabla ya kulala, kwa dawa yenye floraidi ya sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa kila sehemu milioni (ppm). Kiwango hicho huandikwa kwenye boksi. Ongeza uzi wa meno au vibrashi vidogo vya katikati ya meno. Damu itatoka zaidi siku za mwanzo. Usiache, kwa maana inatoka pale pale panapohitaji kusafishwa. Baada ya wiki kadhaa fizi zipimwe tena, na vishimo vilivyo kati ya ufizi na jino vipimwe kwa kijiti chenye alama za milimita. Kama kliniki yako haikukupima hivyo kabla ya kukushauri vinia kumi, basi ilikushauri bila kujua meno hayo yameshikwa na nini.

Utashangaa pia kuona rangi ya meno yako baada ya ugaga na madoa kuondoka. Sehemu ya umanjano huondoka nao. Iliyobaki huenda ndiyo rangi yako halisi, na hapa naomba unisikilize vizuri: jino zima si jeupe kama karatasi. Enameli huruhusu mwanga kupita, na dentini iliyo chini yake ina umanjano wa asili. Kadiri miaka inavyokwenda enameli hupungua, dentini huongezeka kwa ndani, na rangi hukolea. Jino la umanjano linaweza kuwa imara kabisa, na jino jeupe linaweza kuwa limetoboka kwa nyuma. Watu wengi wenye meno mazima hujiona wana kasoro kwa kuyalinganisha na picha zilizosafishwa kwa kompyuta au na vipande vya kauri, na jambo hili linanisikitisha kila ninapoliona kwa vijana.

Ukiwa bado unataka meupe zaidi, kung'arisha kwa peroksaidi ndiyo njia isiyoondoa jino. Peroksaidi ya hidrojeni, au ya kabamidi ambayo huvunjika na kuitoa, hupita kwenye enameli na kuzivunja chembe za rangi zilizoko ndani. Njia niipendayo ni ile iliyoelezwa kitaalamu mwaka 1989: unatengenezewa kifuniko chembamba cha plastiki kinachokaa sawasawa na meno yako, unatia tone dogo la jeli yenye kabamidi peroksaidi asilimia 10, unalala nacho, na baada ya takriban wiki mbili kazi imekwisha. Asilimia 10 hiyo hutoa takriban asilimia 3.5 tu ya peroksaidi ya hidrojeni. Upole wake ndio sababu naipenda. Meno yanaweza kutia ganzi kwa siku kadhaa, na hilo hupita. Katika Umoja wa Ulaya sheria inaruhusu hadi asilimia 6 ya peroksaidi ya hidrojeni kwa kazi hii, matumizi ya kwanza yawe mikononi mwa daktari wa meno au chini ya uangalizi wake, na yasifanyike kwa aliye chini ya miaka 18. Nadhani ni mipaka ya busara popote mtu alipo, hasa sasa ambapo dawa kali zinauzwa na watu ambao hawawezi kutofautisha doa na jino lililooza. Peroksaidi ikiingia kwenye tundu la jino bovu, maumivu yake utayakumbuka.

Kwako wewe, subiri mpaka umalize kunyonyesha. Hakuna dharura katika kung'arisha, na tunapokosa sababu ya kuharakisha, kusubiri ndiko salama. Usafishaji wa fizi na matibabu ya mzizi usiviahirishe.

Kumbuka pia kwamba peroksaidi haibadilishi rangi ya meno yaliyozibwa wala krauni. Ndiyo maana mpangilio ni kung'arisha kwanza, kungoja kama wiki mbili, halafu ndipo kuziba au kujenga kwa kompoziti, ile plastiki ngumu ya rangi ya jino, yenye rangi mpya. Wiki hizo mbili zina kazi: oksijeni inayobaki ndani ya enameli baada ya kung'arisha huizuia gundi kushika vizuri. Na kama umanjano wako ni mabaka ya kahawia au meupe yaliyokuwapo tangu meno ya ukubwani yalipoota, chanzo kinaweza kuwa floraidi nyingi kwenye maji uliyokunywa utotoni au antibiotiki za jamii ya tetrasaiklini, na hapo maelezo yangu hubadilika. Mabaka ya juu juu yanaweza kusuguliwa kwa ustadi na kupungua. Ya tetrasaiklini iliyokolea huhitaji miezi ya kung'arisha, na hayo ni miongoni mwa meno ambayo vinia huyasaidia kweli.

Kuhusu meno ya chini yaliyobanana nitasema machache. Kubanana peke yake si ugonjwa. Utasikia kwamba kuyanyoosha kutakukinga na kuoza na kuumwa fizi. Ushahidi wa hilo ni mwembamba kuliko matangazo yanavyodai, kwa sababu mtu anayesafisha vizuri meno yaliyobanana huwa na hali nzuri kuliko anayesafisha vibaya meno yaliyonyooka. Faida iliyo wazi zaidi ya kunyoosha iko kwa watoto ambao meno yao ya juu yamechomoza sana mbele, maana hayo ndiyo huvunjika wakianguka. Ukiamua kunyoosha, uzuri wake ni kwamba jino linasogea bila kuchongwa. Lakini fizi zipone kwanza. Kusogeza meno kwenye fizi zenye ugonjwa huharakisha kupotea kwa mfupa, na nyaya huongeza mahali pa ukoga kujificha, kiasi kwamba madoa meupe ya mwanzo wa kuoza yanaweza kujitokeza ndani ya wiki chache kwa mtu asiyesafisha. Ukimaliza utavaa kishikizi, kifaa cha kuyazuia meno yasisogee, usiku kwa miaka yote unayotaka meno yabaki pale, kwa maana meno hupenda kurudi.

Nirudi kwenye vinia, ili usiniite adui wake. Daktari wa Marekani, Charles Pincus, mwishoni mwa miaka ya 1920 alikuwa akiwabandikia waigizaji wa filamu vipande vya kufunika meno vilivyoshikwa kwa muda tu, na walivitoa kazi ikiisha. Hakukuwa na gundi ya kuvishika. Mwaka 1955 daktari wa meno Michael Buonocore alionyesha kwamba asidi ya fosforasi ikipakwa kwenye enameli kwa muda mfupi huiacha na vijitundu vidogo sana vinavyoshika plastiki kwa nguvu. Miaka ya mwanzo ya 1980 ndipo mbinu kama hiyo ikatumiwa kwenye kauri yenyewe, na vinia za kudumu zikawezekana. Nakueleza historia hii kwa sababu moja: vinia inaishi kwa kushika enameli. Ikibandikwa kwenye enameli hudumu, miaka 10 hadi 15 na wakati mwingine zaidi. Ikibandikwa kwenye dentini iliyoachwa wazi kwa kuchongwa kupita kiasi, hushika vibaya zaidi na jino hutia ganzi. Na enameli ya uso wa mbele haifiki milimita 1 sehemu nyingi, na karibu na ufizi ni nyembamba zaidi. Hakuna nafasi ya mkono mzito.

Kwa hiyo waulize kliniki yako waziwazi: ni vinia au ni krauni? Watu wengi wanaahidiwa vinia na kuondoka na krauni, kwa kuwa krauni ni rahisi kwa mtengenezaji na huficha meno yaliyopinda kwa haraka. Watafiti waliopima tofauti hiyo mwaka 2002 kwenye meno ya mbele walikuta uchongaji wa vinia unaondoa kati ya asilimia 3 na 30 ya sehemu ya jino inayoonekana, na ule wa krauni kati ya asilimia 63 na 72. Jino lililobaki na theluthi moja ya mwili wake linaweza kupoteza kiini baadaye, na hapo utakuwa umelitengeneza mwenyewe jino lingine kama lile la kijivu. Uliza pia watachonga milimita ngapi, na kama wanaweza kukuwekea kwanza jaribio la muda mdomoni bila kuchonga ili uone umbo. Uliza nini kitatokea moja ikivunjika. Kama unasaga meno usingizini, sema, maana kauri huvunjika kwa kusagwa na utahitaji kinga ya plastiki ya kulalia. Na ufanye hesabu ya umri wako: una miaka 31. Vinia za leo zitabadilishwa mara mbili au tatu maishani mwako, na kila mara jino hupungua kidogo.

Ukitibu lile la kijivu, ukasafisha fizi, ukang'arisha baadaye, kisha ukabaki na kasoro ndogo ya umbo, jaribu kwanza kompoziti. Huongezwa juu ya jino, mara nyingi bila kuchonga chochote, na ikivunjika huzibwa palepale. Udhaifu wake ni kwamba hushika madoa na huhitaji kupigwa msasa au kurudiwa baada ya miaka kadhaa. Naipendelea kwa watu wa umri wako kwa sababu haikufungii mlango wa vinia siku utakapozihitaji.

Kwa dada yako mkubwa nina neno, na ninalisema kwa heshima. Kutaka kucheka bila kuziba mdomo kwa mkono si upuuzi. Shirikisho la kimataifa la madaktari wa meno, FDI, lilipoandika upya maana ya afya ya kinywa mwaka 2016, liliweka humo uwezo wa kuongea, kutabasamu, kutafuna na kuonyesha hisia usoni kwa kujiamini, bila maumivu wala ugonjwa. Mtu anayeona aibu ya meno yake hukwepa hata kwa daktari, na ugonjwa hukua hapo. Dada ana haki ya kuogopa uchongaji. Asiogope kukusindikiza kwenda kupimwa.

Mdogo wako naye umwambie aache leo. Enameli haina chembe hai, hivyo haiwezi kuota tena. Huanza kuyeyuka pH, kipimo cha asidi ambacho namba ikishuka asidi huwa kali zaidi, inapoteremka hadi takriban 5.5, na maji ya limau yana pH ya karibu 2. Asidi hulainisha uso, kisha unga wa mkaa hukwangua ule uso uliolainika. Kinachong'aa mwanzoni ni madoa ya juu yaliyosuguliwa pamoja na enameli iliyoyabeba. Akiendelea, enameli itakuwa nyembamba na dentini ya manjano itaonekana zaidi kuliko alipoanza. Vumbi la mkaa pia hujipenyeza kwenye nyufa na kingo za meno yaliyozibwa na kuacha mstari mweusi, na unga huo kwa kawaida hauna floraidi. Magadi ya kupikia hayakwangui sana kiasi watu wanavyodhani, ila peke yake hayazuii meno kuoza.

Wiki hii, basi, tafuta miadi ya eksirei ya jino la kijivu na kipimo cha fizi, na uombe nakala ya picha hiyo iwe yako. Ukipata kivimbe kama chunusi kwenye ufizi juu ya jino hilo, hata kama hakiumi, mwambie daktari siku hiyo hiyo, maana hiyo ni njia ya usaha. Na ikitokea uso au shingo ikavimba pamoja na homa, au ukashindwa kumeza au kufungua mdomo vizuri, usingoje miadi, nenda hospitali mara moja, hata kama ni usiku.